Feni za rejeta: usipitishe umeme wote kwenye swichi

Kaka, umeuliza kama swichi ya dashibodi inaweza kuwasha feni za rejeta moja kwa moja. Hapana, tafadhali! Feni kubwa inaweza kula ampea 20 na zaidi. Swichi ndogo itayeyuka. Tumia rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), kila feni na yake. Fuata namba za pini zake: 30 itoke betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 iende feni, 86 ipate umeme unaokuja ukiwasha ufunguo, 85 iende kwenye sensa ya joto, ambayo injini ikipata moto huiunga na bodi ya gari (yaani hasi). Swichi ya dashibodi ya kuwasha feni kwa mkono nayo iunge 85 na bodi. Ya kuzima ikate 86, maana ukivuka mto huko Karamoja, Uganda, feni inayozunguka majini hupinda mapanga na kukwaruza rejeta. Ukishatoka tu majini, rudisha swichi hiyo ya kuzima ili feni ifanye kazi tena.