Walisema mvua, jua likawaka: je, niendelee kuwasikiliza?

Ndugu, pole kwa usumbufu. Umesema utabiri ulitaja mvua kwa asilimia 40, ukaahirisha shughuli, halafu halikudondoka hata tone, na sasa majirani wote wanaupuuza. Mimi nakusihi usiwafuate.

Asilimia 40 maana yake ni kwamba katika siku 10 zenye hali kama hiyo, mvua hunyesha takriban siku 4. Kwa hiyo siku kavu haikuwa kosa la mtabiri. Isitoshe, wingu la radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu: mtaa wa pili wakalowa, ninyi mkabaki na vumbi. Kwa shughuli za kawaida, angalia utabiri jioni ya kuamkia siku yenyewe, kisha tena asubuhi. Ule wa siku 10 mbele uchukulie kama fununu, usipange harusi kwa huo.

Tahadhari ya mafuriko au upepo mkali ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ninapowaogopea majirani zako. Mvua ikinyesha huko juu mto unakotoka, maji yatawafikia hata kama mbingu yenu ni nyeupe. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 husukuma gari dogo. Tahadhari ikitoka, hamisheni watoto na wazee mapema, kabla ya giza, na nyaraka muhimu mzifunge kwenye nailoni.