Kilichoiangusha Toronto, kilichoiinua Melbourne

Umeuliza kwa nini Toronto Wolfpack, klabu ya Kanada iliyocheza katika ligi za Uingereza, ilisambaratika ilhali Melbourne Storm ya Australia, ambayo nayo ilianzishwa katika mji usio na mazoea ya raga ya wachezaji 13, imestawi. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa ilikuwa kina cha mfuko. Storm ilipoingia ligi kuu ya Australia mwaka 1998 ilikuwa mikononi mwa kampuni ya habari ya News Limited, iliyoendelea kuibeba hadi mwaka 2013, hivyo ikapata muda wa kujenga mashabiki (na ubingwa wa mwaka 1999, katika msimu wa pili tu, ulisaidia mno). Toronto ilimtegemea zaidi mwekezaji mmoja, ikagharimia hata safari za timu zilizotoka Uingereza kwenda Kanada kucheza nayo, na ilipopanda hadi Super League, ligi kuu ya mchezo huo Uingereza, mwaka 2020 haikupewa mgao wa fedha za televisheni; korona ilipofunga viwanja, ikajitoa Julai mwaka huohuo. Timu ya Papua Guinea Mpya, inayotarajiwa kuingia ligi kuu ya Australia mwaka 2028, inabebwa na serikali ya Australia, ingawa huko nadhani siasa za Pasifiki zina uzito kuliko mchezo wenyewe.