Fyuzi ya ampli hailindi waya wako

Juzi usiku kijana mmoja wa Likasi aliniandikia: "Jambo yaya. Nimenunua ampli, ile mashine ya kukuza sauti ya muziki wa gari, ya wati 600. Ina fyuzi zake mbili za ampea 30 mgongoni. Fundi anasema hizo zinatosha, niunge waya moja kwa moja kwenye betri. Nimsikilize?" Chini yake alituma picha. Waya mwekundu umepenya tundu la bati, lile linalotenga injini na miguu ya abiria, na ukingo wa bati umeshaanza kuuma mpira wa waya.

Sikulala vizuri. Tundu lile nalijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, hapa Lubumbashi, na nilijiona fundi. Redio zote za mtaa wetu wa Katuba zilipita mikononi mwangu. Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, alikuwa amenunua Toyota Carina, usukani kulia, ilipanda kutoka Dar es Salaam ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, na alikuwa ameiwekea akiba miaka minne. Mtu wa kwanza aliyempa funguo zake ni mimi. "Nitilie muziki," akaniambia. Nilitia muziki. Spika mbili za inchi 12 nyuma kwenye kofre, ampli juu yao, waya kutoka betri mpaka nyuma, mita tano. Nilipowasha, vioo vya dirisha la jirani vilitetemeka, na watoto wakaja kusimama mlangoni. Siku ile nilikula chakula cha yaya kama mgeni wa heshima.

Fyuzi karibu na betri sikuweka. Nilimuuliza fundi mmoja mkubwa wa umeme wa magari, mtu niliyemheshimu sana, akanijibu maneno yaleyale ambayo kijana wa Likasi ameambiwa: ampli ina fyuzi zake, ya nini kutupa pesa? Nikaamini.

Miezi minane haikutokea kitu. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu miezi minane ya salama inafanana kabisa na kazi nzuri.

Ilikuwa Agosti, wakati wa ndoa. Tulikuwa kwenye msafara kutoka Katuba kwenda Ruashi, yaya anaendesha, mimi nyuma, shangazi yetu mbele. Shangazi alikuwa amevua viatu, miguu inamuuma. Aliomba tuzime muziki asali rozari yake, tukazima. Shikeni hilo: redio ilikuwa imezimwa. Gari likaingia shimo moja, la pili, kisha nikasikia harufu. Si ya petroli. Ni harufu tamu na nzito, kama ndoo ya plastiki iliyosahauliwa juu ya mbabula. Shangazi akapiga kelele, akainua mguu. Zulia la gari lilikuwa limefanya mstari mweusi chini ya kisigino chake, na moshi unatoka kando ya mstari kama mtu anapuliza.

Yaya alisimamisha gari. Nikafungua kapo, kifuniko cha injini. Mpira wa waya ulikuwa unachuruzika kutoka kwenye betri kama nta, na ndani waya mwekundu kama kaa la moto. Ili kuondoa kichwa cha betri nilihitaji funguo ya 10, yaani spana. Funguo ya 10 ilikuwa kwenye kofre, chini ya boksi la spika, boksi ambalo nililifunga kwa skrubu nane. Kijana mmoja wa pikipiki ndiye aliyetupa funguo yake. Bila yeye gari lingekwisha pale, mbele ya bibi harusi.

Shangazi ana kovu kwenye kisigino mpaka leo. Yaya hakunipiga, hakunitukana. Aliacha kunisemesha mwaka mzima na miezi kadhaa. Tulikuwa tunakula kwenye meza moja. Yule fundi mkubwa nilipomfuata, alisema sikumwelewa.

Sasa nielezeni vizuri mlio na ampli: moto ule ulitoka wapi, wakati muziki umezimwa? Waya mkubwa unaotoka betri hauzimwi na redio. Una umeme usiku na mchana, gari likilala na likitembea. Redio inatuma ishara tu kwa ule waya mwembamba wa kuwashia, ili ampli iamke. Bati lilikula mpira wa waya kidogo kidogo kwa kila shimo la barabara, siku ile likafika kwenye shaba. Bati la gari ndilo masi, limeungwa na upande wa pili wa betri. Betri ya gari imeumbwa kugeuza injini, kwa hiyo ikikutana na njia fupi namna hiyo inasukuma mamia ya ampea bila kuuliza. Na zile fyuzi mbili za mgongoni mwa ampli? Zilikuwa nzima. Nilizichomoa baadaye nikazitazama kwenye mwanga, nzima kabisa. Umeme haukufika kwao. Bomba la maji likipasuka barabarani, kufunga robine ya jikoni kwako kunasaidia nini?

Kwa hiyo fyuzi kubwa inakaa kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Mafundi wa mashindano ya muziki wa magari wanakubali mpaka sentimita 45. Mimi nasema shubiri moja, mbili ukikosa nafasi, kwa sababu kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi yeyote. Kazi ya fyuzi hii ni kulinda waya. Ampli ina zake.

Ukubwa wake? Jumlisha fyuzi za ampli. Mbili za 30 ni 60, basi weka 60, na waya uwe unaoweza kubeba zaidi ya hapo. Kwa mita tano mimi navuta shaba ya milimita mraba 16. Ukipitisha ampea 60 humo, unapoteza volti 0.3 hivi njiani. Waya wa milimita mraba 6, ambao wengi wanaununua kwa sababu unapita kirahisi chini ya zulia, unapoteza karibu volti 0.9, na wati zaidi ya 50 zinageuka joto ndani ya gari lako. Ndiyo maana muziki unalegea, kisha watu wanalaumu spika.

Na hapa nina uchungu mwingine. Sisi ni watu wa Lubumbashi. Babu zetu waliyeyusha shaba wakatengeneza misalaba iliyotumika kama pesa kabla mzungu hajafika. Bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na kile kilima cheusi ndivyo vinavyokuonyesha uko nyumbani. Halafu sokoni kwetu unauziwa waya unaong'aa mwekundu, na ndani ni alumini. Mimi nimeuziwa, dola 35, nilipokuwa natafuta kurekebisha gari la yaya. Nilirudi nyumbani, nikachukua uzi mmoja, nikaupara kwa wembe. Wekundu ulitoka kama rangi ya kucha, chini yake weupe. Alumini inapitisha umeme karibu asilimia 61 tu ya shaba ya unene uleule, kwa hiyo 16 uliyolipia inafanya kazi ya 10 hivi. Si sumu, ukijua ni alumini unavuta nene zaidi. Shida ni kudanganywa. Enda sokoni na wembe mfukoni. Au na kibiriti cha gesi: shaba inayeyuka kwa nyuzi 1085, alumini kwa 660, na uzi mwembamba wa alumini utalegea mbele ya macho yako. Muuzaji akikukataza kupara, ondoka.

Mengine nayapitisha haraka, mnayajua. Toa kichwa cha hasi kwenye betri kabla ya kugusa kitu, na kirudishe cha mwisho. Tundu la bati litiwe raba, waya uvikwe bomba la plastiki na ufungwe usicheze. Waya wa masi uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi, chini ya nusu mita, na mahali pake para rangi mpaka bati liwe jeupe. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse. Nyaya za sauti zipite upande mwingine wa gari, la sivyo ampli inaweza kupiga filimbi ukikanyaga mafuta.

Ila fyuzi narudia, na nitarudia kila mwezi kama ni lazima. Fyuzi ikikatika, kuna sababu. Itafute. Wewe fundi unayeizungushia nyuzi za waya ili mteja aondoke anacheka, jua kwamba umeondoa mlinzi, na sasa waya wenyewe ndio utakaoungua badala yake, chini ya miguu ya mtoto wa mtu. Wewe unayebadilisha 60 kwa 150 kwa sababu ndiyo iliyobaki dukani, ni yaleyale. Na ninyi mliounga betri ya gari na konvertisa, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumba, nyumbani kwa ajili ya usiku umeme ukikatika, msifikiri hayawahusu. Betri ni ileile, waya ni uleule, na pale kuna godoro karibu.

Yaya alinunua gari lingine mwaka jana. Nilidhani atapeleka kwa fundi mwingine, akanipigia simu Jumapili asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki siku nzima akinitazama, bila kusema chochote juu ya Carina. Nilipomaliza alifungua kapo mwenyewe, akaweka kidole juu ya kifuniko cha fyuzi, akauliza, "Hii ndiyo?" Nikasema ndiyo. Akafunga kapo.

Kijana wa Likasi nilimjibu usiku uleule: toa waya kwenye betri sasa hivi, usingoje asubuhi. Leo ametuma picha mpya. Raba ipo kwenye tundu, fyuzi ya 60 ipo, na ameweka mkono wake kando ya waya ili nione shubiri. Nimemwambia akaze tena nati ya kosi, kile kichwa cha chuma cha waya, pale kwenye betri, kwa sababu kwenye picha naona washa yake, ile pete chini ya nati, imekaa upande.