Maswali yenu ya lochi: kwanza kaeni muwaangalie

Tangu mvua zianze simu yangu imejaa maswali ya lochi, hawa samaki wenye sharubu tunaowafuga tangini, na mengi ni yale yale, kwa hiyo nimechukua machache tu. Kwamba lochi ni samaki wa chini, wa kundi na wa usiku, hilo mnalijua, sirudii.

Swali, Arua: Lochi wangu aina ya klauni amelala ubavu kwenye kona tangu asubuhi, amekufa?

Angalia mashavu, yakifunguka na kufunga yuko hai, klauni hulala hivyo, na tafadhali usimsukume na kijiti.

Swali, Entebbe: Nina lochi aina ya kuhli wawili, huu mwaka wa pili, mbona hawazai? Nibadilishe chakula?

Wawili tena! Kila mwezi swali hili linakuja na kila mara ni wawili. Kuhli wawili ni samaki wenye hofu tu, wanashinda nyuma ya filta na wewe hujui hata kama una jike na dume au una madume matupu. Tafuta wafike wanane au kumi, halafu toa hizo kokoto zenye ncha uweke mchanga laini, manake hawa jamaa wanaingiza kichwa chote chini wakitafuta chakula na sharubu zao zinakwisha kwa kukwaruzwa. Dume utamjua kwa mapezi ya kifuani, yake ni makubwa na mfupa wa mbele ni mnene. Jike akiwa tayari tumbo linajaa, ukimmulika kutoka ubavuni unaona mayai kupitia ngozi, na ni ya kijani kweli kweli, rangi ya choroko. Ukishaona choroko ndani ya tumbo hapo ndio tuanze kuongea habari ya kuzaa.

Kwao huko Asia ya Kusini-Mashariki wanakaa kwenye vijito vya msituni, maji laini, majani yameoza chini, na wengi tuliopata mayai tuliyapata baada ya kuingiza maji mapya laini ya baridi kidogo. Sisi Uganda Mungu katupa mvua mara mbili kwa mwaka, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, sasa kwa nini mtu anahangaika na chupa za dukani? Acha mvua ioshe mabati kwanza, kinga ile inayofuata kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha badilisha robo ya maji, tangi lishuke polepole toka nyuzi 27 hadi 24. Mimi nilifanya hivyo siku tatu mfululizo. Usiku wa tatu majike wawili wakaacha mchanga wakawa wanapanda juu kabisa, huku na huku chini ya mimea inayoelea, dume anawafuata kidevu kikigusa mgongo wao, halafu akamzunguka mmoja kama kamba na vile vidonge vya kijani vikamwagika kwenye mizizi. Yalipita kwa haraka sana, ningekuwa nimelala nisingejua kitu. Asubuhi mayai karibu yote yalikuwa yameliwa na wazazi, na vichache vilivyoanguliwa vilivutwa na bomba la filta kwa sababu sikulifunga sponji. Kwa hiyo funga sponji kabla ya yote, na hata kuhli wakubwa huingia humo, na ukiona mayai hamisha wazazi usiku ule ule. Yanaanguliwa kama baada ya siku moja. Vitoto ni vidogo kama uzi, siku za kwanza vinakula vijidudu vya maji yaliyochachuka na majani, baadaye minyoo midogo na atemia (vijidudu kama kamba wadogo) waliotoka kwenye yai sasa hivi.

Swali, Bombo: Nataka kuzalisha klauni niuze, nianze na wangapi?

Usianze. Klauni anafika sentimita 30 na anachukua miaka kukomaa, wale wa madukani ama wametolewa kwenye mito ya Sumatra na Borneo ama kwenye mashamba wanakozalishwa kwa sindano za homoni. Anayekuuzia "jozi inayozaa" anataka pesa yako tu.

Swali, Jinja: Lochi aina ya botia wanapenda konokono, naweza kuwaokotea ufukweni mwa ziwa?

Hapana, hapana! Konokono wa ziwani ndio wanaobeba kichocho, vijidudu vinatoka kwa konokono vinaelea majini na vinapita kwenye ngozi yako, na ndoo ile utaiweka sebuleni watoto watie mikono. Hata ile mimea inayoelea msiitoe ziwani, omba kwa mfugaji mwenzako. Konokono wadogo wanaozaliana wenyewe tangini wanatosha.

Swali, Mbale: Vidoa vyeupe kama chumvi, niweke dawa kipimo kamili?

Hili nimelijibu sijui mara ngapi. Magamba ya lochi ni madogo mno, dawa inawaingia haraka kuliko samaki wengine, kwa hiyo nusu ya kipimo, pandisha joto pole pole mpaka nyuzi 30, ongeza hewa maana maji ya moto hayashiki hewa vizuri, na nyonya uchafu wa mchanga kila siku. Usiache dawa vidoa vikipotea, mdudu anayeleta vidoa anakufa akiwa anaogelea nje ya samaki tu, kwa hiyo endelea wiki mbili. Na nakuuliza na mimi, huyo samaki mpya alikaa peke yake wiki nne kabla hujamchanganya? Ulimnunua Jumamosi ukamwaga Jumamosi hiyo hiyo.

Swali, Kabale: Huku baridi na sina hita.

Chukua aina inayoitwa lochi wa hali ya hewa, yeye anapenda baridi. Lakini soma jibu linalofuata kabla hujalipa.

Swali, Mukono: Nahamia Mbarara, naweza kuwaachia lochi wangu kwenye kinamasi cha jirani?

Dada yangu, nakuomba usifanye hivyo. Lochi si samaki wa Uganda, hapa Afrika wa asili wako Ethiopia na huko kaskazini, Morocco, basi. Huyo lochi wa hali ya hewa anapumua hewa kwa utumbo, anajifukia kwenye matope maji yakikauka, na leo anaishi mitoni Australia na Marekani kwa sababu ya watu waliotaka tu kumaliza tangi. Sisi tulishaona. Mputa, yaani sangara, aliwekwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na aina nyingi sana za nkejje, wale samaki wadogo wa ziwa, zikaisha, wazee wa pwani ya ziwa bado wanazitaja. Halafu gugu maji likaja. Mpe samaki mtu mwingine, bure, hata leo, na maji ya tangi mwaga kwenye udongo wa bustani, si kwenye mfereji.

Swali, Kawempe: Nitumie taa gani kuwaangalia usiku?

Tochi ndogo, uifunge mfuko mwekundu wa plastiki kwa raba, inatosha. Zima taa ya tangi, kaa kwenye kiti saa tatu usiku na usitikise kioo. Dakika ishirini za kwanza hutaona kitu, halafu sharubu zinaanza kutoka mchangani moja moja, na kama ni botia utasikia wanadonoa mlio kama ukucha unaogonga kioo.