Breki iingie kwenye mkataba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukipewa uwezo wa kubadili jambo moja tu kuhusu pikipiki za mtaani kwako, ungebadili nini? Najua wengi watajibu helmeti, wengine watataka trafiki waongezwe barabarani, wengine watasema vijana wapelekwe darasani. Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Mtwara mjini, na jibu langu ni mkataba kati ya mwenye chombo na dereva. Ningeandika ndani yake kwamba breki, tairi, cheni na oili ni juu ya mwenye chombo.

Kwa wasioijua biashara hii naeleza kidogo. Mtu mwenye pesa zake ananunua pikipiki, anamkabidhi kijana. Kijana analeta hesabu kila siku, shilingi 7,000 au 8,000 kutegemea walivyokubaliana, na baada ya mwaka na kitu pikipiki inakuwa yake. Wengine wanaendesha kwa hesabu tu, chombo hakiwi chao hata wakae nacho miaka. Huku kwetu mikataba mingi inaandikwa kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikishafunguliwa na pesa ikianza kuingia. Inaandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili, sahihi, basi. Nimezisoma nyingi kwa sababu vijana hutembea nazo mfukoni na wakipata mgogoro wananiletea. Karibu zote zinaeleza kwa kirefu hesabu ni kiasi gani na ukichelewesha siku ngapi unanyang'anywa chombo. Kuhusu matengenezo unakuta mstari mmoja tu: matengenezo madogo madogo juu ya dereva.

Mstari huo naulaumu kwa damu nyingi inayomwagika barabarani.

Nitaeleza ninachokiona kaunta. Kijana anaingia asubuhi, pikipiki ameiacha inaunguruma nje.

"Shikamoo mama. Nataka nati ya fimbo ya breki ya nyuma."

"Marahaba mwanangu. Nati au brekishuu?"

"Nati tu mama. Brekishuu bado zinasukuma."

Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za huku ni ya ngoma. Ndani ya ngoma, yaani lile kopo la chuma lililo katikati ya gurudumu, kuna brekishuu mbili. Ukikanyaga pedali, fimbo ndefu inavuta mkono mdogo uliopo kwenye kitovu cha gurudumu, mkono unazungusha kamu, chuma kidogo kilichopo katikati ya brekishuu, kamu inazitanua brekishuu zikabane ngoma. Mwisho wa fimbo kuna nati. Brekishuu zikilika, unakaza nati kidogo, breki inarudi. Nyuzi za fimbo zikifika mwisho na nati haina tena pa kwenda, maana yake ni moja tu: brekishuu zimekwisha, nunua nyingine. Watengenezaji waliipima hivyo makusudi.

Sasa kijana anafanya nini? Anakata kipande cha bomba, anakipenyeza kwenye fimbo katikati ya mkono na nati, anapata nyuzi nyingine za kukaza. Breki inakamata tena siku kadhaa, na nati ya zamani kwa kukazwa sana inachunika, ndiyo anakuja kutafuta mpya. Nikitoka nje kutazama, kile kipande cha bomba nakiona hapo. Wakati huo kamu ndani imeshazunguka karibu kulala. Kinachosugua ngoma ni chuma. Siku moja kamu itapita mahali pake, brekishuu zitagoma kurudi, na gurudumu la nyuma litajifunga likiwa kwenye mwendo. Kwenye mchanga ataanguka na kujichubua. Kwenye lami, nyuma yake kuna lori.

Na bei ya brekishuu za nyuma haizidi hesabu ya siku moja. Ila pesa hiyo ndiyo ileile tajiri, yaani mwenye chombo, anayoisubiri jioni. Kijana anapima: nisipopeleka hesabu leo nitapigiwa simu, nisiponunua brekishuu leo hakuna atakayenipigia. Mimi ningekuwa na miaka 20 na mtoto mdogo nyumbani ningepima vilevile. Kwa hiyo namwona mwenye makosa ni yule aliyeandika karatasi.

Huku Mtwara jambo hili ni kubwa kuliko sehemu nyingine, kwa sababu pikipiki zetu zinaliwa kutoka pande zote. Chumvi kwanza. Pikipiki inayobeba samaki kutoka Feri au kutoka Msimbati inadondokewa na maji ya chumvi kutoka kwenye ndoo siku nzima, na yanadondokea palepale pabaya: cheni, spoku za nyuma, fimbo ya breki. Spoku inaanza kuoza pale inapoingia kwenye ringi, mahali usipopaona, kisha zinakatika mbili tatu kwa wakati mmoja na gurudumu linayumba. Dawa yake ni maji baridi jioni ileile, ndoo moja inatosha, ukimimina taratibu kwenye spoku na cheni baada ya injini kupoa, halafu unafuta na kupaka cheni oili nzito ya gia, ile namba 90. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengi wanaipaka kwa kuwa ni ya bure, imejaa vyuma vilivyosagika na inakusanya mchanga. Cheni iliyopakwa hiyo inakuwa tupa kwa meno ya spoketi.

Halafu salfa. Kuanzia Juni wakulima wanapuliza mikorosho salfa, dawa ya unga ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na mifuko ya salfa na mashine za kupulizia vinapanda pikipiki kwenda Nanyamba, Tandahimba na vijijini zaidi. Unga ule ni laini sana, unaingia kwenye filta ya hewa, injini inakosa pumzi na kuanza kunywa petroli. Ukichanganyika na unyevu unazaa asidi inayokula chuma na waya za umeme. Msimu wa salfa filta ifunguliwe kila wiki. Kama ni ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke vizuri, ipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Kama ni ya karatasi ipulizwe kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, ikishachakaa itupwe. Na kwa usalama wa mwendeshaji mwenyewe, mfuko wa salfa usigusane na ekzosi. Salfa inashika moto upesi na moshi wake unakaba koo.

Korosho nazo zikianza, gunia la kilo 80 linafungwa nyuma kabisa, nyuma ya gurudumu. Mbele panakuwa pepesi, usukani hauna uzito, na breki ya mbele, ambayo kwenye lami ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi ya kusimamisha pikipiki, inakosa kitu cha kushikilia. Gunia likae karibu na dereva kadiri inavyowezekana, na tairi ya nyuma iongezwe upepo kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza kwa mzigo. Ukiona tairi ya nyuma imelala chini ya gunia, hiyo pikipiki isiondoke.

Na lami. Zamani ukienda upande wa Tandahimba ni mchanga na vumbi, pikipiki haipati mwendo hata ukitaka. Sasa lami imeshafika Mnivata, kilomita 50 kutoka mjini, na kazi ya kuipeleka Tandahimba, Newala hadi Masasi ilishaanza. Tumeisubiri barabara hii miaka mingi na tunashukuru. Lakini kijana aliyezoea kwenda 30 sasa anakwenda 70 na brekishuu zilezile za kipande cha bomba. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki unazidi mara nne. Hesabu hiyo haimsamehi mtu, na mtoto anayevuka kwenda shule hawezi kuijua.

Kutoka Newala kushuka upande wa Masasi pana mteremko wa kutoka juu ya uwanda wa Makonde. Wako madereva wanaoweka frii pale, yaani wanatoa gia, wengine wanazima kabisa injini, ili kuokoa petroli. Ngoma ya breki ikishikwa mfululizo namna ile inapata moto na breki inapungua nguvu kadiri unavyozidi kuikanyaga. Mteremkoni unaweka gia ndogo, ya pili au ya tatu, uiache injini ikuzuie, na breki unazigusa na kuachia. Petroli inayookolewa hapo haifiki hata bei ya soda.

Oili nayo ina mambo yake. Pikipiki hizi, Boxer, TVS na nyingine nyingi, injini, gia na klachi vinaogelea kwenye oili moja, na ni kama lita moja tu. Dereva wa bodaboda akifanya kilomita 100 kwa siku, kilomita 2,000 zinafika kabla ya mwezi kwisha. Oili ibadilishwe hapo, na iwe ya pikipiki. Oili nyingi za kisasa za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi iliyozama kwenye oili kama hiyo inateleza.

Helmeti sijaisahau. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Inauma kuona ya abiria inaning'inia kwenye usukani safari nzima. Kina mama wenzangu wanasema inanuka na inaharibu nywele. Vaa kitambaa chepesi chini yake, au ushungi wako, kisha kaza mkanda wa kidevu. Iliyowahi kugonga chini kwenye ajali isivaliwe tena hata kama haionyeshi ufa.

Lakini kuna jambo la kina mama ambalo halizungumzwi: kava la cheni. Vijana wanalitoa kwa sababu linapiga kelele likilegea, au ili cheni ikazwe haraka. Sisi huku tunavaa dera, baibui, kanga. Pindo likiingia kwenye cheni au kwenye spoku linamvuta mtu chini kabla hajapiga kelele. Mimi nikipanda bodaboda natazama cheni kwanza. Ikiwa wazi nashuka, na namwambia dereva kwa nini, kwa heshima. Kina mama tukifanya hivyo wote, makava yatarudi yenyewe.

Wenye vyombo wakisikia hoja yangu wana jibu tayari: dereva akijua nalipa mimi, ataharibu makusudi. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini brekishuu na tairi hulika hata pikipiki iendeshwe na mtu mpole kiasi gani, ni vitu vilivyotengenezwa ili vilike. Dereva ana wajibu wake: kuosha, kukagua asubuhi upepo, breki, taa na mlegeo wa cheni, na kusema mapema. Ajali ya uzembe wake ilipwe na yeye. Na jambo jingine naomba liandikwe: kila mwezi siku moja isiyo na hesabu, siku ya gereji. Bila siku hiyo, kijana atakuwa na brekishuu mfukoni na hana nafasi ya kuzifunga. Tajiri anayeona siku moja ni hasara aulize bei ya pikipiki mpya, kisha aulize gharama ya mguu uliovunjika.

Wapo pia watakaosema mafunzo kwanza. Naunga mkono mafunzo na leseni. Ila kijana aliyefundishwa vizuri, akiwa na brekishuu zilizokwisha, atamgonga mtu sawasawa na asiyefundishwa.

Kwa upande wangu nimeanza na wachache. Nimefungua daftari dukani kwa wenye vyombo waliokubali. Dereva akija na brekishuu zilizolika, au cheni iliyorefuka, anapewa mpya bila kutoa pesa, naandika namba ya pikipiki na tarehe, na ile ya zamani inabaki kwangu kwenye boksi. Mwenye chombo anapita mwisho wa mwezi, anamwagiwa boksi lake kaunta, anatazama kimoja kimoja, analipa. Mwanzoni wengine walibisha kuhusu kila kipande. Siku hizi wapo wanaouliza wenyewe kwa nini mwezi huu dereva wao hajabadilisha breki.

Muuza vipuri, Mtwara