Akaunti imeingiliwa, kadi imekatwa pesa: Marekani nani anabeba hasara?

Ukikuta umekatwa pesa kwa vitu ambavyo hukununua, tenganisha kwanza akaunti na kadi. Akaunti ya duka au mchezo ina masharti, na karibu yote yanasema kila kinachofanyika humo ni juu ya mwenye akaunti. Mhudumu atakusomea hayo, na wenzetu wengi hapa Marekani huishia hapo. Usikubali. Masharti ya duka hayafuti sheria ya kadi.

Kwa kadi ya mkopo, sheria inakutwisha dola 50 tu, basi. Kilichoibwa kikiwa namba na kadi yenyewe unayo, hudaiwi kitu. Kadi ya debiti, inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, ndiyo yenye hatari. Ikipotea ukatoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ulipojua, hasara haizidi dola 50. Ukichelewa inaweza kufika 500. Zikipita siku 60 tangu benki ikutumie taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi huo, zitakazoibwa baada ya hapo zinaweza kupotea zote. Tena ni pesa ya kodi ya nyumba inayotoka, na benki ina siku 10 za kazi za kuchunguza kabla ya kukurudishia hata kwa muda. Ndiyo maana tunasisitiza: usihifadhi kadi ya debiti kwenye duka lolote la mtandaoni.

Mzozo mwingi uko kwenye neno ruhusa. Ukimpa ndugu kadi ya debiti na namba ya siri akajaze mafuta, naye akanunua simu, kisheria ulimruhusu, mpaka utakapoiarifu benki kwamba hana ruhusa tena. Mtoto aliyenunua sarafu za mchezo kwenye tableti ni suala jingine. Mwaka 2014 Apple ilikubaliana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi waliotozwa hivyo bila idhini yao. Omba marejesho kwa duka la programu, useme wazi kuwa ni mtoto. Ukiiambia benki ni mwizi, duka litatoa kumbukumbu za kifaa kilichotumika na intaneti ya nyumbani kwako, na dai litaanguka. Kampuni za michezo nazo mara nyingi hufunga akaunti nzima malipo yakirudishwa kupitia benki.

Kama kweli ni mwizi, anza na barua pepe, kwa sababu nywila za akaunti nyingine zote hubadilishiwa huko. Badilisha nywila yake, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia. Kwenye huduma nyingine nywila mpya peke yake haimtoi aliye ndani tayari. Fungua mipangilio ya vichujio (kanuni za kupanga barua zinazoingia) na usambazaji (kupeleka barua zako kwenye anwani nyingine). Wezi huweka kichujio kinachotupa risiti za duka moja kwa moja kwenye taka, au wanakuandikisha kwenye mamia ya majarida ili risiti izame. Barua pepe 300 zikiingia ndani ya saa moja, usizifute zote. Tafuta risiti humo.

Sasa ingia dukani: badilisha nywila, futa kadi na anwani ngeni, simamisha oda ambazo hazijasafirishwa. Piga picha ya kila oda kabla hujaifuta. Kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi, uombe kadi mpya.

Kwa kadi ya mkopo, iandikie na barua kampuni iliyotoa kadi. Itume kwenye anwani ya maswali ya bili, siyo ile ya malipo, ifike ndani ya siku 60 tangu utumiwe bili ya kwanza yenye kosa. Kampuni hiyo ina siku 30 za kukujibu kwamba imeipokea, na mizunguko 2 ya bili, isiyozidi siku 90, kumaliza. Kiasi kinachobishaniwa unaweza kutokilipa kwa wakati huo. Kilichobaki kilipe kwa wakati.

Soma hata mstari wa dola 1. Mwizi hupima kadi kwa kiasi kidogo kabla ya kununua kikubwa. Ila kabla ya kupiga simu litafute jina hilo mtandaoni, maana maduka mengi hutoza kwa jina la kampuni mama, na dai lisilo la kweli hukufungia kadi bure.