Hata hewa ya Lamu hutengenezwa kwanza puani

Ukikaa Lamu ni rahisi kudhani hewa ya bahari imelowa ya kutosha. Hesabu yakataa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba takriban gramu 23 za maji kwa kila mita ya ujazo. Mapafu yanataka gramu 44, tena kwa nyuzi 37. Zile 21 zinazopungua hutoka mwilini, na nyingi hutolewa puani.

Kila upande wa pua una vifupa vitatu vilivyojikunja kama gome la mdalasini, vimevikwa ngozi laini iliyojaa damu. Hewa hujipenyeza katikati yake ikizigusa kuta, ikapata joto na maji. Ute hunasa vumbi, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma hadi kooni, tukaumeza bila kujua. Upande mmoja ukiziba na mwingine kufunguka, kisha vikabadilishana baada ya saa chache, usikimbilie dawa. Ndiyo kawaida ya pua.

Anayelala mdomo wazi huiruka kazi hii yote. Chini ya kiyoyozi ni vibaya zaidi: chumba cha nyuzi 22 chenye unyevu wa asilimia 50 kina gramu 10 hivi tu za maji. Ute hukauka, vinyweleo vinakwama, asubuhi koo linakwaruza. Weka nyuzi 25 au 26, na upepo usikuelekee usoni.

Pua iliyokauka au kujaa vumbi huoshwa kwa maji ya chumvi. Maji ya kisima au ya tangi usiyatie puani mabichi, hata yakiwa maangavu vipi, kwani vijidudu vingine visivyodhuru tumboni huua vikipitia puani. Yachemshe yatokote dakika nzima, yaache yawe vuguvugu. Kwa mililita 240 tia nusu kijiko cha chai cha chumvi safi isiyo na iodini. Inama, laza kichwa upande, pumua kwa mdomo, mimina tundu la juu yatokee la chini. Yakichoma, mara nyingi chumvi haikupimwa sawa. Na maji ya bahari si badala yake: chumvi yake ni zaidi ya mara tatu ya ile ya mwilini.

Dawa za matone za kuzibua pua zisizidi siku tatu mfululizo. Zikizidi, pua huziba kwa sababu ya dawa yenyewe, na mtu huongeza tone juu ya tone.

Mafundi wa nakshi wana shida yao. Leso iliyofungwa usoni huzuia maganda ya mbao, si ule unga mwembamba wa msasa. Hapo panatakiwa barakoa ya N95 inayobana vizuri. Vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani ya pua. Fundi anayezibwa upande mmoja tu kwa wiki kadhaa, au anayetokwa damu upande huohuo kila mara, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.